Kodi za Hijazi

Kuna programu kwenye simu yangu yenye orodha ya skeli za muziki. Juu kabisa zimeketi skeli za kawaida, meja na maina, zimejinyoosha kama watoto wa mwenye nyumba. Ukishuka chini, tena chini zaidi, unafika kwenye kikapu kilichoandikwa "skeli za kigeni", na humo ndani, katikati ya majina ya Wahangaria na Wajapani, ndimo walimoitupa Hijazi.

Za kigeni kwa nani, sasa?

Mimi nimelelewa Mombasa. Hijazi niliisikia kabla sijajua kusoma. Niliisikia kwenye adhana, kwenye kaseti za taarabu zilizokuwa zikilia mpaka utepe unalegea, na kwenye fidla ya mjomba wangu jioni akijaribu nyuzi kabla ya kwenda kupiga harusini. Kwangu mimi, skeli ya kigeni ni ile ya do-re-mi niliyofunzwa shuleni na mwalimu aliyekuwa akigonga meza kwa rula. Hiyo ndiyo ilinichukua muda kuizoea. Ilisikika kama chakula kisichotiwa pilipili.

Jina lenyewe, Hijazi, ni la upande ule wa Arabuni wenye Makka na Madina. Lakini noti zake zimetembea kuliko jina. Wapiga flamenko wa Uhispania wanazo. Wayahudi wa Ulaya Mashariki wanazo, wao huziita Freygish. Vitabu vya jazi vimezipa jina refu la Kigiriki. Ukichunguza utaona kila mtu kaibandika skeli hii jina la jirani yake, ni kama hakuna anayetaka kukubali kwamba ni yake.

Siri yake ni ruka moja. Anzia D. Panda nusu hatua, uko E flati. Sasa badala ya kutembea, unaruka hatua moja na nusu mpaka F shapu, halafu nusu hatua tena mpaka G. Banwa, ruka, banwa. Pale kwenye ruka ndipo watu wa Pwani hufumba macho, na ndipo watu wa filamu huweka picha ya ngamia. Kama hujawahi kuionja, tafuta "Pump It" ya Black Eyed Peas ya 2005, usikilize lile gita la mwanzoni. Gita hilo ni la Dick Dale, rekodi ya 1962 ya wimbo wa zamani wa upande wa mashariki ya Mediterania, "Misirlou". Dick Dale alikuwa Mmarekani, ila baba yake alikuwa Mlebanoni. Skeli anayopiga ni Hijazi Kar, ndugu wa damu wa Hijazi, yenye ruka lile mara mbili. Kwa hivyo msee wangu, kama ulikuwa kwenye matatu yoyote mwaka ule, ushachezea skeli ya kigeni. Na hukuomba viza.

Hadithi yangu inahusu kujaribu kuitoa Hijazi kwenye ukulele. Na si kwa noti moja moja, hapana. Kwa kodi. Neno lenyewe lina utani wake, maana kodi ninayoijua vizuri ni ya keja, tarehe 5 ya kila mwezi. Ya muziki angalau ukichelewa hakuna anayekufungia mlango.

Ukulele niliinunua kwa sababu ya keja hiyohiyo. Naishi Nairobi kwenye chumba kimoja chenye kuta ambazo ukipiga chafya jirani anakwambia pole. Jirani wenyewe ni nesi wa zamu ya usiku, hulala mchana. Fidla humo ingekuwa vita. Gita nalo lingetaka kitanda chake. Ukulele ndogo ni nyepesi, nyuzi zake ni za nailoni, na ukiipiga kwa nyama ya kidole gumba inanong'ona tu.

Watu hudhani ukulele ni ya Hawaii tangu enzi. Kumbe nayo ni mhamiaji. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa imebeba Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, wanakwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Ndani yake walikuwamo mafundi watatu wa mbao, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, na kule kwao walikuwa na kagita kadogo kaitwako machete. Kutoka hapo ndipo ukulele ikazaliwa. Chombo cha Wareno kilichovuka bahari kikapata jina jipya na watu wapya. Mimi natoka mji wenye Fort Jesus. Tukatazamana tukaelewana.

Nyuzi zake ni nne: G, C, E, A. Ajabu ni kwamba ule uzi wa G, ulio karibu na kidevu chako, hauna besi. Sauti yake iko juu kuliko C na E. Yaani chombo hiki hakina kile kidole cha chini kinachowaambia watu, "Nyumbani ni hapa." Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililonitesa.

Haya, tujenge. Andika noti saba za Hijazi kuanzia D: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Kodi ya kawaida hujengwa kwa kuruka: chukua noti, acha inayofuata, chukua, acha, chukua. Fanya hivyo kwa kila noti na utapata kodi saba. Nitaziandika kwa namba za freti, kuanzia uzi wa G kwenda wa A:

D meja, 2220.
E flati meja, 0331.
F shapu diminishi, 2020.
G maina, 0231.
A diminishi, 5353.
B flati ogmenti, 3221.
C maina, 0333.

Tazama familia hiyo. Skeli ya meja huzaa meja tatu, maina tatu na diminishi moja ya kukaa pembeni. Hii imezaa meja mbili, maina mbili, diminishi mbili na ogmenti moja. Nusu ya nyumba ina wasiwasi. Ukitaka wasiwasi wote kwa mpigo mmoja, shika 2323: unapata A, E flati, F shapu na C, noti nne ambazo zote ni za skeli, na hakuna hata moja inayotaka kukaa chini.

Na bado tatizo halijafika. Zile noti saba, ukizianzia G badala ya D, zinakuwa skeli nyingine kabisa, inaitwa maina ya hamoni, na hiyo kila mtu aliyewahi kwenda kanisani au sinema anaijua. Kwa hivyo ukipiga D meja, ukaongeza C iwe 2223, sikio la msikilizaji linaanza kuomba G maina kama mtoto anayeomba soda. Ukimpa, imekwisha. Umehamisha nyumba. D, aliyekuwa mwenyeji, sasa ni njia ya kupitia. Unapiga noti zilezile za Hijazi na Hijazi haimo.

Kwenye chombo chenye besi ungeishikilia D chini huko na mambo yakatulia. Ukulele haina huko chini. Basi nikajifunza kuipa D unyumba kwa njia nyingine: kuirudia mpaka ichoshe, kuijia kutoka juu kwa E flati, ambayo iko nusu hatua tu na inaanguka kama mtu anayeketi mkekani, au kupitia C maina. 2220, 0331, 2220. 0333, 0331, 2220. G maina nikawa namtembelea bila kuvua viatu.

Niliyapiga hayo usiku mmoja nesi akiwa kazini, manze, nikasikia harufu ya asumini. Sisemi uongo.

Sasa niseme kwa nini nilikuwa nahangaika.

Mjomba wangu alipiga fidla kwenye taarabu za harusi zaidi ya miaka 30. Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto. Kutembea alirudia, kusema alirudia, ila vidole vya mkono wa kushoto havikurudi. Kwa mpiga fidla mkono wa kulia ni pumzi, wa kushoto ndio maneno. Akabaki na pumzi tu. Fidla iko juu ya kabati, imefungwa kwenye leso ya marehemu mkewe.

Kabla ya hapo alikuwa ametunga wimbo wa binti yake, kitindamimba wake, binamu yangu. Aliutunga msichana akiwa angali shule, akauficha, akisema utaimbwa siku ya kupambwa kwake. Mwaka huu posa ikaja, tarehe ikawekwa. Kundi la mjomba lilikuwa limeshatawanyika, wengine Ulaya, wengine makaburini. Nyumba ya bwana harusi ikajitolea kuleta kijana wa kinanda, yule wa kubonyeza kitufe kimoja ikatoka ngoma na fidla na makofi. Mjomba alisikiliza video yake kwenye simu, akairudisha simu kwa adabu, akasema ahsante.

Na kuna jambo jingine, ambalo wa Pwani wanalijua. Kupamba ni usiku wa wanawake. Mwanamume haingii. Zamani mjomba na wenzake walikuwa wakipangwa nje, wanawake ndani, na sauti ndiyo inayopita mlangoni. Siku hizi ni ukumbi uliofungwa, na simu mnaziacha kwa mama aliyekaa mlangoni na kikapu, ili picha za watu zisije zikazagaa. Kwa hivyo hata wimbo ungepigwa, yeye asingeusikia. Hata kwa simu. Wimbo ulihitaji mwanamke wa kuubeba. Katika ukoo wetu wote, mwanamke anayejua kushika uzi ni mmoja, na alikuwa Nairobi na kijichombo kinachofanana na kitu cha kuchezea watoto.

Nilimpigia, nikamwamkia, nikamwomba. Akasema, "Nitumie nisikie." Nikamrekodia kodi zangu saba, zimepangwa vizuri, za kujivunia. Jibu lilikuja kwa sauti baada ya sala ya isha.

"Mwanangu, nimesikiza. Weye waijengea nyimbo hii nyumba ya vyumba saba. Nyimbo hii yakaa barazani."

Tukaanza hapo. Wiki tatu za kutumiana sauti, yeye akiimba, mimi nikijibu kwa nyuzi.

Hoja yake ilikuwa na mizizi. Muziki wa maqamu haukujengwa kwa kodi. Udi, kanuni, fidla na mwimbaji wote hupita njia moja ya sauti, kila mtu kwa mwendo wake, huyu akipamba hapa, yule akichelewa pale. Hakuna anayesimama chini kushikilia dari. Halafu kuna habari ya freti. Fidla haina freti, udi hauna freti. E flati ya mjomba haiko pale freti yangu inaposema iko, iko juu kidogo, na F shapu yake iko chini kidogo, kwa hivyo lile ruka maarufu kwake ni dogo na lina ulaini. Langu lina kona. Na kuna pahali wimbo unapanda kupita G, na pale mara nyingi maqamu ya Hijazi hubadili mavazi: badala ya B flati inakuja B ambayo si flati wala si kamili, iko katikati. Mjomba aliiimba mara nne. Mimi nikaitafuta kwenye ukulele. Freti ya kwanza ya uzi wa A, hapana. Ya pili, hapana. Nikajaribu kuusukuma uzi uinuke, lakini nailoni fupi namna ile haiinuki sana, inalalamika tu.

Mimi nami nilikuwa na hoja. Nikamwambia, Mjomba, Mombasa hii haikuwahi kuogopa vyombo vya watu. Kodiani ina vitufe, robo sauti hazimo. Kinanda vilevile. Juma Bhalo aliimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi na mji ukamlilia. Na tashkota je? Ile tashkota iliyonogesha taarabu za Mombasa ni chombo cha Kijapani, kilibuniwa Nagoya mwaka 1912, kina vitufe kama taipureta! Mbona hiyo mliikaribisha?

Kimya. Nikaona anarekodi, anaacha, anarekodi. Halafu ikaja kicheko, kirefu, cha kwanza nilichokisikia kwake tangu augue.

"Tashkota hatukuiambia ipige kila kitu. Tuliiambia ipige iyawezayo, pengine inyamaze."

Sentensi hiyo niliibandika ukutani. Kwa sababu kodi, ukiifikiria, ni uamuzi. Ukishika G maina umeamua kwamba B ni flati, na mwimbaji hana tena pa kwenda. Basi nikaanza kuzivua kodi zangu noti moja moja. G maina nikaiondoa ile B kabisa, nikashika 0235: G, D, G, D. Si meja, si maina, ni mlango uliofunguliwa. D nayo nikaipa sura ya pili, 2250, A na D peke yake bila F shapu, kwa pale mwanzoni ambapo sauti ndiyo itakayoamua F shapu ikae wapi. D meja kamili nikaiwekea mwisho wa ubeti tu, sauti ikishatua. Zile diminishi mbili zikarudi kwao salama. E flati ilibaki, maana mjomba aliipenda jinsi inavyoanguka.

Na ile B flati ogmenti, 3221, ambayo mimi nilikuwa tayari kuitupa kwa sababu ilisikika kama filamu ya majini? Mjomba ndiye aliyeikataza isitupwe.

"Hiyo yaning'inia kama mtu aliyepiga hodi hajajibiwa. Iweke pale binti aulizwa kama aridhia."

Nikaiweka pale. Hata sasa sijui kanuni ya kitabu inayoruhusu. Inaruhusiwa na wimbo.

Usiku wa kupamba ukumbi ulijaa udi wa kufukiza na asumini na watoto wanaokimbizana na dhahabu shingoni. Nilipanda jukwaani na ukulele, nikasikia mama mmoja anauliza mwenzake, "Hako kagita kamekatwa?" Nilianza na 2250, nikaisugua polepole kwa kidole gumba. Mikono ikaanza kupiga makofi nyuma, mtu akachukua dufu. Nilipofika pale pa kupanda juu ya G, nilishika 0235, nikaacha nyuzi zikae na zao, na ile B ya katikati nikaiimba kwa koo langu, pale alipoiweka yeye. Chombo hakikunipinga. Bibi mmoja wa mbele, mzee sana, akafumba macho akasema, "Ewaa."

Kwenye 3221 binamu yangu alitazama chini. Nikaishikilia kuliko tulivyopatana. Halafu E flati, halafu D, kamili, na vigelegele vikaufunika uzi wa mwisho hata mimi mwenyewe sikuusikia.

Asubuhi nilimkuta mjomba barazani na kahawa yake na kashata. Nikamwamkia. Hakuniuliza kama watu walipenda. Aliuliza, "Ile B?"

"Sikuipiga, Mjomba. Niliiacha wazi, nikaiimba."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunywa. Baadaye akanyoosha mkono wa kulia, ule mzima. "Hebu lete."

Nikaketi kushotoni kwake, ukulele ikakaa mapajani mwetu sote wawili. Mimi nikashika freti, yeye akasugua kwa kidole gumba. Mara mbili tatu tulipishana, yeye akienda mimi sijafika. Halafu tukashikana. 2250. 0331. 2250. Vidole vyangu, pumzi yake. Wapita njia walikuwa wakitusalimu, naye akiwaitikia bila kusimamisha mkono, na kila nilipotaka kubadili kabla ya wakati alinigusa bega kwa bega lake, kuniambia ningoje.